Katibu wa Mikono

Kabla hajawa katibu wa Mikono, Émérence alikuwa mdarizi. Alijifunza sindano kwa masista wa Kikula, mtaa wa mji wa Likasi, akiwa msichana, na masista walipoona mwandiko wake umekaa sawa kama mishono yake, wakamketisha pia mbele ya mashine ya kuchapa. Baba yake alikuwa wa kabila la Wasanga, mwenyeji wa huku huku, mtu wa kupakia mawe ya shaba kwenye mabehewa. Mama yake alitoka ng'ambo ya mto Luapula. Aliolewa na Symphorien, mfanyakazi wa kiwanda cha Shituru, mtu mpole asiyependa makelele, wakapewa nyumba ya kampuni yenye vyumba vitatu na kibustani cha sombe, majani ya muhogo, nyuma. Watoto wao wawili wa kike waliolewa mapema, mmoja Kolwezi na mwingine Lubumbashi. Kwa hiyo Émérence alipokuwa na miaka arobaini, nyumba ilikuwa imetulia, na nguvu zake zote akazipeleka Mikono.

Mikono ulikuwa umoja wa mafundi. Kwenye karatasi za serikali ulikuwa na jina refu la Kifaransa ambalo hakuna aliyelimaliza kwa pumzi moja, ndiyo maana watu wakauita Mikono tu. Ulikusanya wapiga shaba wa Likasi, wachonga malakiti, lile jiwe la kijani, wa Kakanda, wafinyanzi wa kando ya mto Lufira mpaka Koni, maseremala, wadarizi, wasuka nyuzi za rafia. Nyumba yao ilikuwa duka la zamani la Mgiriki mmoja, kwenye barabara inayokwenda Panda. Mbele palikuwa na ukumbi wa kuonyeshea kazi, katikati ofisi, na nyuma karakana yenye tanuri na birika la saruji lililojaa tindikali, la kuondolea weusi kwenye shaba iliyotoka motoni.

Walioiendesha nyumba hiyo walikuwa watatu. Rais wao alikuwa Evariste Kalombo, mchoraji wa vipuri vya mashine kiwandani Shituru, mtu mwembamba mwenye penseli nyuma ya sikio hata siku ya Misa. Yeye aliamini kwamba sinia ichorwe kwanza kwenye karatasi, kwa rula na bikari, ndipo ipigwe. "Nyundo haifikirie," alikuwa akisema. Makamu wake, Godefroid, alikuwa bingwa wa hiyo nyundo. Shingo nene, mikono iliyojaa makovu ya moto, na kiburi cha mtu ajuaye kwamba bila yeye michoro ingebaki michoro. Waligombana kila wiki juu ya mistari ya Evariste, na kila saa sita mchana walikula bukari, ugali wa huko, kwenye sahani moja. Katibu alikuwa Émérence. Barua, maonyesho, vyeti vya wanachama, funguo za ofisi, yote yalikuwa kwake.

Na rejista ya wanachama ilikuwa kwake. Kitabu kikubwa chenye jalada la kitambaa cheusi, kila mwanachama na mstari wake: jina, ufundi, mtaa anaokaa. Mwaka wa themanini na saba, walipokuwa wanajiandaa kwa maonyesho makubwa ya Lubumbashi, Émérence alipata wazo. Alitaka wageni waone kwamba kazi za Mikono zinatoka kila upande wa nchi. Akachukua rula, akachora safu moja zaidi kwenye kila ukurasa, akaandika juu yake: *Asili*.

Siku ya mkutano aliwaita wanachama mmoja mmoja mezani. Evariste, kwa kuwa rais, akatangulia. Akaandika: Likasi.

"Hapana, Papa Président," Émérence akacheka. "Hatuulize kwenye ulizaliwa. Tunauliza kwenye baba yako alitokeaka."

"Minye nilizaliwa hapa hapa, ku hôpital ya Panda. Niandike nini ingine?"

"Baba yako alikuya na treni ya Kasai, shi? Basi njo Kasai. Ni kwa ajili ya exposition tu."

Watu walicheka. Evariste naye akatabasamu, akainua mabega. Émérence akachukua kalamu, akalikata neno Likasi kwa mstari mmoja ulionyooka, akaandika Kasai kwa mwandiko wake mzuri. Suzanne, mke wa Evariste, alikuwa amekaa benchi la mbele na kazi yake ya rafia mapajani. Yeye hakucheka.

Maonyesho yalikwenda vizuri. Walipata medali.

Baada ya hapo mambo yakaanza kuharibika. Mishahara ya kampuni ikawa inachelewa, kisha ikawa haitoshi hata gunia la unga. Mwaka wa tisini na moja, askari walipopora maduka nchini kote, wazungu waliobaki Likasi walifunga virago, na hao ndio waliokuwa wakinunua masinia na vitambaa. Ukumbi wa mbele ukajaa kazi zisizo na mnunuzi. Hata hivyo watu wa Mikono waliendelea kuja. Walipiga shaba kwa sababu hawakujua pa kupeleka mikono yao, na kwa sababu pale palikuwa na wenzao.

Mwaka uliofuata maneno yakaanza kutembea. Yalianzia kwenye mikutano ya chama cha wakubwa wa jimbo, yakaingia redioni, yakafika kwenye foleni ya maji. Kwamba taabu zote za jimbo zimeletwa na watu wa Kasai, wale ambao baba zao walitoka jimbo hilo la jirani kwa treni kuja kufanya kazi. Kwamba wao ndio wenye vyeo, wao ndio wenye nyumba, warudi kwao. Wakapewa jina: bilulu, wadudu. Mara ya kwanza Émérence kulisikia neno hilo ndani ya Mikono, lilitoka kwa mchonga malakiti mmoja, kijana mcheshi, na alilisema kwa utani. Kutoka siku hiyo wadarizi wa Kasai wakawa wanakaa upande wa dirishani na wengine upande wa mlango, na hakuna aliyewapanga.

Mwezi wa nane, siku ya Jumanne, Godefroid aliingia ofisini akafunga mlango.

"Mama secrétaire, bale ba jeunes ba chama banataka kitabu ya majina."

"Kitabu gani?"

"Weye unajua. Ile ya wanachama. Batakuya Alhamisi."

"Banataka kufanya nayo nini?"

Godefroid aliangalia makovu ya mikono yake. "Banasema ni kwa kupanga safari. Ili bantu basafiri bila fujo."

"Na weye unasadiki?"

"Minye niko na watoto saba," akasema Godefroid, akatoka.

Jioni ile Émérence alimweleza mume wake. Symphorien alisikiliza bila kuacha kula, kisha akasema wao hawana shida, asili yao ni ya hapa, na kitabu si chake, ni cha Mikono. "Mupatie Godefroid, atajua mwenyewe." Kisha akaongeza kwa sauti ya chini kwamba wenzake wawili wa Kasai wa kazini Shituru wamekuta vitanda vyao vinaungua uani kwao. Alikuwa ameona, na alikuwa amepita.

Asubuhi ya Jumatano Émérence aliwahi kufika Mikono kabla ya mafundi. Alikifungua kitabu mezani. Alifikiri atachana kurasa za watu wa Kasai peke yake, lakini walikuwa wamechanganyika, mmoja juu ya mwingine, Msanga, Mluba wa Kasai, Mbemba, Mluba tena, kwa mpangilio wa siku walizojiunga. Hakuna ukurasa uliokuwa safi. Na kila ukurasa ulikuwa na ile safu aliyoichora kwa rula yake mwenyewe.

Akakipeleka nyuma karakanani, akakitumbukiza kwenye birika la tindikali.

Alidhani kitatoweka mara moja. Hakikutoweka. Kilielea, jalada likaanza kuvimba, karatasi zikageuka kahawia, halafu nyeusi. Ilimbidi kukizamisha kwa koleo na kukikoroga kama mtu anayesonga bukari, uso ameugeuza kwa ajili ya moshi. Kurasa zikakatika vipande, na kwa muda aliweza bado kuyaona maneno, mwandiko wake, yakielea juu. Tindikali ikamrukia kwenye kifundo cha mkono wa kulia ikamla nyama. Hakuacha mpaka birika lote likawa uji mweusi.

Alipotoka, alimpata mlinzi wa mlangoni, akamtuma kwa Evariste na maneno machache: ondokeni leo, nendeni kwa masista. Mlinzi akaenda. Baadaye Émérence alikuja kujua kwamba Evariste aliyapata maneno hayo, na kwamba alijibu, "Niende wapi? Minye niko kwetu."

Alhamisi walikuja wanaume wanane na fimbo, na mmoja alikuwa na panga alilolishika nyuma kwa aibu, kama mtu aliyebeba kitu cha kuazima. Mkubwa wao alikuwa mtu wa makamo aliyevaa shati la chama lililopigwa pasi vizuri. Godefroid aliwapokea ukumbini. Émérence alisimama karibu na mlango wa ofisi, mkono umefungwa kitambaa.

"Kitabu," akasema mwenye shati.

"Hakiko," Émérence akajibu.

"Hakiko namna gani?"

"Kiliharibika. Kiliingia mu tindikali."

Godefroid aligeuka akamwangalia, akaangalia kitambaa cha mkono, akaelewa. Mwenye shati naye akaelewa. Alimpiga Émérence kofi moja, si kwa hasira, bali kama anayefunga dirisha, kisha akamgeukia Godefroid.

"Na weye? Si njo weye vice hapa? Haujue bantu yako?"

Godefroid alilamba midomo. Jasho lilimtoka ingawa ulikuwa mwezi wa baridi kali ya asubuhi. Émérence alimwona akitafuta pa kuyaweka macho, na akatumaini. Kisha Godefroid akasema jina moja. Lilikuwa la mzee seremala ambaye tayari alikwisha kukimbilia Lubumbashi, na pengine alifikiri litatosha. Mwenye shati akaandika kwenye kikaratasi, akasema: "Ingine."

Godefroid akasema jingine. Halafu jingine. Ikawa kama mtu anayetapika, akishaanza hawezi kujizuia. Hakuhitaji kitabu chochote. Alikuwa amekula kwenye nyumba hizo, amelala matanga humo, alijua mlango upi una rangi ya kijani na ua upi una mashine ya kushonea. Kila jina lilipotajwa Émérence aliona kazi ya mtu huyo, mshono wake, mkato wake wa malakiti. Alikuwa na mdomo, angeweza kupiga kelele. Hakupiga. Mwisho kabisa Godefroid alilitaja jina la Evariste Kalombo, na aliposema mtaa sauti yake ilikuwa haisikiki, ikabidi mwenye shati amwambie arudie.

Walipoondoka Émérence alitoka mbio kwenda kwa Evariste kwa njia ya mkato. Alipofika, vitu vya Evariste vilikuwa tayari barabarani: vitanda, masufuria, zile karatasi zake kubwa za michoro zikipeperuka kwenye mtaro. Majirani walisimama wakitazama, wengine wakibeba. Evariste alikuwa amembeba mama yake mzazi mgongoni, mwanamke mkongwe asiyeweza tena kutembea, na Suzanne ameshika furushi kichwani na kabati dogo la vyombo kwenye mkokoteni.

"Munaenda wapi?" Émérence akauliza, swali la kijinga, na akajua ni la kijinga.

"Ku gare," akasema Evariste. "Banasema treni itakuya."

Treni haikuja wiki ile, wala mwezi ule.

Kwenye gare, stesheni ya treni ya Likasi, watu walikuwa maelfu kwa maelfu. Walijaa kwenye majukwaa, katikati ya reli, kwenye mashule ya karibu, chini ya mashuka yaliyofungwa kwenye nguzo. Choo hakikuwepo cha kutosha hata robo yao. Mwezi wa tisa ulikuwa vumbi na jua. Kuelekea mwisho wa mwezi wa kumi mvua ikaanguka, na vumbi lile likawa tope lililochanganyika na kila kitu. Surua ikaingia kwa watoto. Kuhara kukaingia kwa wote.

Émérence alikwenda kila alipoweza, na unga chini ya kitenge, na samaki wakavu. Mara moja vijana walimsimamisha njiani wakamwaga unga wake chini, wakamwambia mwanamke wa kwao anayelisha bilulu naye ni kilulu. Symphorien akamkataza asiende tena. Yeye akawa anakwenda mumewe akiwa zamu.

Siku moja alimkuta Evariste amepiga magoti kwenye ubao, penseli nyuma ya sikio, akipima. Kando yake walikuwa maseremala wawili wa Mikono na mpiga shaba mmoja. Mlango wa kabati la Suzanne ulikuwa umelala chini, umekatwa katikati. Émérence alidhani wanatengeneza kitanda.

"Ni sanduku ya maiti, ya mutoto wa mwalimu Kabeya," akasema Evariste bila kuinua kichwa. "Alikuwa na miaka mitatu. Jana tulifanya tatu. Tulianza na mbao ya nyumba yetu, sasa bantu banaleta yao." Alipiga mstari, akaupitia tena kwa kidole. "Hatuna musumeno. Tunakata na panga, inapasua mbao. Vraiment, haifai mutoto kuingia mu kitu imepasuka vile."

"Unataka nini?"

"Misumeno ya Mikono. Nyundo mbili. Misumari."

Émérence akaahidi kuvitafuta. Halafu, kwa kuwa alikuwa amekwisha kulibeba neno lake mwezi mzima na hakuwa na pa kulitua, akasema: "Papa Evariste, ile safu mu kitabu. Asili. Minye njo niliiweka."

Evariste akaweka penseli chini. Alikuwa amekonda, macho yameingia ndani. "Nakumbuka," akasema. "Na minye njo nilikuwa président. Nilitia saini chini ya kila ukurasa. Na kitabu haikufanya kitu, Mama Émérence. Bantu walitujua bila kitabu."

Suzanne alikuwa nyuma yao akichochea moto. Alisema bila kugeuka: "Yeye anakuambia vile juu ni muntu ya upole. Lakini weye ulikata neno yake mbele ya bantu yote. Minye nilikuwa pale."

Evariste akaokota penseli yake.

Godefroid ndiye aliyekuwa na funguo za Mikono sasa. Émérence alimkuta kwenye ukumbi wa Mikono, peke yake, kati ya masinia. Yeye na watoto wake saba walishahamia kwenye nyumba ya Evariste. Watu walisema aligawiwa, yeye alisema aliilinda isiporwe. Émérence alimwambia vifaa alivyoomba Evariste na kazi yake.

"Vifaa ni ya Mikono," akasema Godefroid.

"Na bale njo nani?"

Godefroid akaingia karakanani, Émérence akasikia vyuma vikigongana, akatoka na misumeno miwili, nyundo, na mkebe wa misumari, vyote amevifunga ndani ya gunia. Hakumpa. Alibeba mwenyewe begani, wakaongozana bila neno mpaka kona inayotazamana na gare. Harufu ya kule ilikuwa inafika pale. Godefroid alitua gunia chini.

"Umuambie..." akaanza. Akatafuta. "Umuambie musumeno ile ya mukono mweusi, meno yake iko mazuri kupita ile ingine."

Akageuka akarudi. Émérence alimwambia Evariste maneno hayo hayo kama alivyoyapokea. Evariste alipitisha kidole gumba kwenye meno ya msumeno. "Ni kweli," akasema, na mara hiyo akainama akaanza kukata.

Mwezi wa kumi na moja alikata jeneza la mama yake mwenyewe. Alilipiga randa ndani na nje, kazi ambayo hakuna aliyekuwa na muda nayo siku hizo, na Suzanne alisema alifanya hivyo mpaka mikono ikatoka damu. Kufikia hapo Evariste naye alikuwa ameshaanza kuhara.

Treni yao ilikuja wiki moja kabla ya Noeli: mabehewa ya kubebea makaa na madini, wazi juu, watu wamepandana kama kuni. Émérence aliwatafuta kwa saa nyingi kabla hajawaona. Evariste alikuwa amelala kwenye kona ya behewa, kichwa kwenye magoti ya Suzanne, kitambaa kimemfunika uso kwa ajili ya jua. Émérence alimpungia, Suzanne akamwona, hakupunga. Treni ilichukua mchana mzima kuondoka.

Baada ya hapo Likasi ikawa na nafasi nyingi. Shuleni walimu hawakuwepo, hospitalini manesi hawakuwepo, na kiwandani mitambo ikasimama kwa sababu waliojua kuitengeneza walikuwa wamefukuzwa pamoja na wengine. Waliobaki waligawana viti vya walioondoka, kisha wakagundua hakuna kazi ya kukalia. Taa za Shituru zilizokuwa zikimulika mji zikazimika upande mmoja baada ya mwingine.

Mwaka wa tisini na nne Godefroid, sasa rais, aliitisha mkutano wa kufufua Mikono. Walikuja watu kumi na moja. Alisema wataanza upya, na kwamba katibu aandike rejista mpya, kwa mpangilio ule ule wa zamani, kwa kuwa wakubwa wa wilaya wanautaka hivyo. Akamsukumia Émérence daftari jipya na kalamu.

Émérence alisimama. Alikuwa amepanga maneno mengi nyumbani, lakini yalimtoka machache. "Minye njo niliweka ile safu ya asili," akawaambia wote. "Hakuna muntu aliniomba. Niliiweka mwenyewe, nikaifurahia. Sasa andika weye, Godefroid. Mukono yangu haitaandika tena."

Mmoja alikohoa. Godefroid akasema Mama Émérence amechoka, na mkutano ukaendelea. Alivuliwa ukatibu siku hiyo hiyo. Mwaka haukuisha kabla ya mabati ya karakana kuuzwa, kisha tanuri, kisha shaba yote ya ukumbini, iliyopigwa na isiyopigwa, kwa uzito wake. Watu wa maombi wakaupanga ukumbi kwa ibada zao.

Symphorien alikufa mwaka wa tisini na sita, kwa ugonjwa wa kifua. Alikuwa na karatasi ya kampuni ya kutibiwa bure, lakini zahanati haikuwa na dawa, ilikuwa na mihuri tu. Siku zake za mwisho alirudia habari ya vile vitanda viwili vilivyoungua. Alitaja majina ya wale wenzake, akamwuliza Émérence kama anafikiri wako hai. Émérence alisema ndiyo. Hakujua.

Alipobaki peke yake alianza kuuza makala, yaani mkaa, sokoni Kikula. Ni kazi ya kuamka mapema na ya kuchafuka, na mkono wenye kovu ulimsumbua wakati wa baridi kwa kuwa vidole viwili havikukunjika vizuri tena. Kudarizi kulikwisha.

Suzanne alirudi mwaka wa tisini na nane, baada ya serikali kubadilika na watu wengine wa Kasai kuanza kurudi kimya kimya. Alifika asubuhi, peke yake, na begi moja. Nywele zilikuwa nyeupe zote. Émérence alifungua mlango akabaki ameushika.

"Evariste?" akauliza.

"Alikufa njiani, mbele ya kufika Kamina. Treni ilikuwa imesimama siku mbili. Tulimuzika kando ya reli, bila kitu, mu shuka tu. Hakukuwa mbao." Suzanne alisema hayo kama mtu aliyekwisha kuyasema mara nyingi. "Nyumba yetu iko na Godefroid. Nilipita. Alinifungulia, akanitazama, akafunga."

"Ingia, Mama Suzanne."

"Sikuya juu ya kukusamehe. Unasikia? Nimekuya juu sina kwenye kulala."

"Nimesikia. Ingia."

Akampa chumba cha mbele. Miezi ya kwanza walizungumza mambo ya maji na chumvi tu. Suzanne alipika chungu chake, Émérence chake. Kisha mvua zikaja, makala yakawa mazito kubeba, na Suzanne bila kuombwa akachukua gunia la pili. Wakawa wanauza pamoja, meza moja, wakisikilizana kwa bei na wakinyamaziana kwa mengine. Siku Suzanne alipoanguka kwa malaria, Émérence alimuosha siku tisa. Alipopona hakusema asante, ila alianza kupika chungu kimoja.

Godefroid alikufa mapema mwaka wa tisini na tisa, kwa lutuku, pombe kali ya kienyeji, walisema, na pengine kwa mengine. Wanawake wote wawili walikwenda kwenye matanga. Suzanne alikaa mkekani siku nzima bila kulia na bila kuondoka. Wiki ya tatu mjane wa Godefroid alimwita, akamwekea mkononi ufunguo wa nyumba ya Evariste, akarudi kwao upande wa Koni na watoto waliobaki. Ndani ya nyumba hakukuwa na mlango hata mmoja wa chumba, yote ilikuwa imeuzwa au kuchomwa.

Suzanne alihama Jumamosi. Furushi lake halikuwa kubwa kuliko begi alilokuja nalo. Émérence alimsindikiza mpaka uani.

"Jumatatu utapita na gunia ya makala ya kwangu?" Suzanne akauliza. "Kule hakuna muntu wa kunibebea."

"Nitapita."

"Mapema, basi. Unachelewaka."

Akajitwika furushi, akavuka barabara.